Sili wa Ngazi ya Chuma

Kichwa cha sili, yule mnyama wa bahari za baridi anayekula samaki, kikitokeza juu ya maji asubuhi, kabla jua halijakolea, kinafanana na kichwa cha mtu. Kina kipara, kimelowa, na macho yake ni makubwa na meusi, kama ya mtu anayesubiri uongee kwanza. Mara ya kwanza nilipokiona nilikuwa nimesimama kwenye gati dogo la mbao, katika ghuba moja kusini mwa Stockholm, nina samaki kwenye ndoana. Nilidhani ni mzee wa Kiswidi anaoga, maana wazee wa huku huingia kwenye maji ya baridi kwa hiari yao. Nikamsalimia. Kichwa kikazama bila kuitika. Mshipi wangu ukavutwa kwa nguvu mara moja, kisha ukalegea, na nilipoukusanya nikapata kichwa cha samaki peke yake, kimekatwa nyuma ya matamvua kama kwa kisu.

Shemeji yangu alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, unamsalimia mtoza ushuru," alisema. "Mtoza ushuru hasalimiwi. Anafichwa."

Jina hilo likamkaa yule mnyama. Sisi wawili tulitoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, na kila mtu wa Uvira anajua wale wanaume wa pwani, wenye shati la jeshi na suruali ya kiraia, wanaongoja mtumbwi uguse mchanga ili wachague samaki mkubwa na kumwita ushuru. Shemeji alikuwa amevua usiku kwa taa tangu ujana wake, na wale watu aliwajua kwa sura. Mimi nilimaliza sekondari nikawa karani wa ghala, lakini baba yangu alikuwa mvuvi, na nilikua nikinuka samaki kama wenzangu wote.

Huku Uswidi nilikuwa nasafisha shule, nikikaa Alby na mke wangu na watoto. Shemeji, ambaye ni mdogo wa mke wangu, alikaa Märsta na kupakia mizigo uwanja wa ndege. Alikuwa na Volvo kuukuu iliyotoa moshi, na Jumamosi alinipitia tukaenda baharini. Tulivua strömming, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao mke wangu aliwakausha na kuwapika na nyanya kama ndakala, dagaa wa kwetu. Tulivua pia gädda, samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno kama ya mbwa. Ndoana za strömming nilizifunga mwenyewe, nikizipamba kwa nyuzi nyekundu nilizochomoa kwenye kitenge cha mke wangu kilichochanika.

Gati lilikuwa la mvuvi mmoja Mswidi, mjane, mtu wa maneno machache. Alitukuta siku moja tunavua kwenye miamba ya hatari, akatazama jinsi shemeji alivyomtoa damu samaki mara tu alipomtoa majini, akasema tunaweza kutumia gati lake. Alituomba mambo mawili tu. Tufunge lango ili kondoo wa jirani wasiingie, na matumbo ya samaki tuyaweke kwenye ndoo, tuondoke nayo.

Lango tulilifunga kila mara. Matumbo tuliyatupa majini.

Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu lote lilianzia hapo, na lilianzia kwangu. Baba yangu hakutoka ziwani bila kurudisha kichwa cha samaki wa kwanza na matumbo ya wote. Alisema ziwa likipewa hulisha wengine, na kweli samaki wadogo walikuja kula na wakubwa wakawafuata. Kwangu mimi kubeba matumbo kwenye gari hadi Alby kulikuwa ni kama kuiba. Na maneno ya mvuvi niliyachukulia kuwa ni usafi wa Waswidi, watu wa kutenganisha taka, mifuko ya hiki na mapipa ya kile. Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, na alipoondoka nikafanya ya baba yangu. Sikuuliza sababu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nikaona haya kuuliza kuhusu matumbo ya samaki.

Kwa hiyo mtoza ushuru akahamia kwetu. Msimu wote wa kuchipua alikuwa mbali kidogo na gati, anatazama. Hakufuata samaki wanaoogelea huru. Alimngoja yule aliyekwisha kushikwa na ndoana, anayezunguka mahali pamoja kwa kuchoka. Shemeji alijaribu kila kitu alichojua. Tulivuta haraka, samaki wakachomoka. Tukahama upande wa pili wa gati, naye akahama. Tukanyamaza, tukawa tunaongea kwa vidole kama viziwi, naye akaja vilevile.

Ndipo nikakumbuka viboko. Kwetu kiboko akikaribia mtumbwi, wavuvi wanagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, na yeye anaondoka. Gati la mvuvi lilikuwa na ngazi ya chuma ya waogeleaji, iliyoshuka hadi chini ya maji. Nikachukua spana kubwa kwenye gari la shemeji, nikagonga ngazi mara tatu. Mlio ulishuka majini, nikausikia kwenye nyayo zangu. Sili aliruka kama aliyechomwa, akatokea mbali sana, karibu na mdomo wa ghuba.

"Shemeji, kumbe ulisoma kweli," alisema shemeji.

Nilifurahi kupita kiasi. Lakini nikaanza kufikiria kelele. Pale Alby, kwenye lifti ya jengo letu, kulikuwa na karatasi za majirani kuhusu kelele: watoto wasikimbie, muziki uzimwe, nguo zisifuliwe baada ya saa fulani. Mtu mgeni anajifunza haraka kwamba huku mlango unaweza kufungwa upesi zaidi kwa ajili ya kelele kuliko kwa ajili ya wizi. Nyumba ya mvuvi ilikuwa juu tu ya gati. Nikamwambia shemeji tusigonge ovyo tukamkera mwenyeji. Tugonge pale tu samaki anaposhika ndoana, mara tatu, tumtoe, basi.

Ilionekana ni adabu na ni akili. Kwa Jumamosi chache ilifanya kazi. Kisha sili akaacha kukimbia. Akawa anasogea kidogo, anasikiliza. Kisha nikawa nagonga na yeye anakuja, moja kwa moja, hata kama alikuwa haonekani popote. Mimi nikagonga kwa nguvu zaidi, nikidhani amekuwa sugu.

Mvuvi ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa anarudi na boti yake, akazima injini na kutuangalia, kisha akapanda gatini akaanza kucheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Alisema alikuwa nje kabisa ya ghuba, na sili alikuwa ubavuni mwa boti yake amelala juu ya maji. Tulipogonga, aligeuza kichwa kama mtoto aliyeitwa mezani, akaondoka kwa kasi kuja kwetu. Tulikuwa tunamwambia kila mara: samaki yuko kwenye ndoana, njoo. Kisha mvuvi akainama, akatazama majini chini ya gati, ambako matumbo ya asubuhi ile yalikuwa bado meupe kwenye mawe. Akauliza kama hajatuambia. Nikamwambia alituambia.

Hakukasirika mbele yetu. Alikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa akatueleza habari zake, na nadhani hakuwa ameeleza mtu kwa muda mrefu. Zamani ghuba ile ilikuwa na familia kadhaa zinazoishi kwa nyavu. Sasa amebaki yeye. Mwanawe yuko kaskazini, anamtaka auze kila kitu amfuate. Nyavu zikimlisha atakaa, zikishindwa ataondoka. Na mwaka huo nyavu zake za sik, samaki mweupe anayemwuza kwa wachoma samaki, zilikuwa zinatoka majini zimejaa matundu ambayo mtu angeweza kupitisha kichwa, na samaki nusunusu. Sili walikuwepo siku zote, alisema, lakini walipita. Huyu amekaa. Amejua kwamba ghuba hii ina meza.

Kuanzia siku ile tulibeba matumbo kwenye ndoo, tukaacha kugonga. Tulikuwa tumechelewa. Sili hakuondoka. Asipopata kwetu, alikwenda kwenye nyavu.

Miaka ile serikali ilikuwa imeanza kuruhusu wavuvi wenye kibali kuua sili wachache waliozoea nyavu zao. Mvuvi alikuwa na kibali na bunduki. Wiki baada ya wiki alikaa kwenye mwamba akimngoja, lakini yule sili alijua boti yake na alijua umbo lake, akawa hatokezi karibu. Mwisho wa msimu wa joto, Jumamosi moja shemeji alikuwa zamu uwanja wa ndege, nikaenda peke yangu kwa treni na basi. Mvuvi alishuka akanikuta natayarisha mshipi. Alisimama kidogo, akaangalia maji, kisha akanisemesha kwa Kiswidi cha polepole, kile anachokitumia mtu anapotaka kuhakikisha umeelewa.

"Ukigonga wewe, atakuja."

Nilielewa. Ningeweza kusema sitaki. Hakunilazimisha, na nina hakika angeondoka bila kinyongo. Lakini nilikuwa na deni la nyavu zake moyoni, na kulikuwa na jambo lingine ninaloona haya kuliandika. Katika miaka yangu yote huku hakuna Mswidi aliyewahi kuniomba msaada wa kitu ambacho mimi tu ndiye naweza kukifanya. Shuleni nilipewa kazi ambayo yeyote angeifanya. Hapa mtu mwenye bunduki, kibali na boti alikuwa ananihitaji mimi na spana.

Nikasema ndiyo.

Alipanda kwenye mwamba akalala kifudifudi. Mimi nilitupa mshipi, bila ndoana, ili nionekane kama siku zote. Nikainama, nikagonga ngazi mara tatu. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilitamani asije. Kwa muda nilidhani hatakuja, nikaanza kujisikia mwepesi, kisha nikaona mstari wa maji unakuja kutoka mdomo wa ghuba, umenyooka, bila wasiwasi.

Alitokeza karibu kuliko siku zote. Alisimama wima majini hadi mabega, akatazama mshipi wangu unaolegea, akatafuta samaki. Hakumwona. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa na uzi mwekundu pembeni ya mdomo. Nilikuwa bado nautazama uzi ule bunduki ilipolia.

Alizama. Mvuvi alikuja mbio na nanga ndogo yenye makucha, tukaingia kwenye boti, tukazunguka tukiburuta chini hadi mikono ikauma. Sili aliyepigwa huzama, na pale palikuwa na kina. Tulipata majani na kipande cha wavu wake wa zamani. Mvuvi alinishukuru, akanishika bega, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, na akaniingizia kwenye mfuko samaki wawili wa sik waliochomwa kwa moshi.

Nilifika nyumbani Alby nikiwa najiona nimefanya kazi ya kiume. Mke wangu aliweka samaki kwenye sahani, akaanza kutoa ngozi, na mimi nikamsimulia. Nilidhani atafurahi kwamba mwizi wa samaki wake amekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kufanya kazi. Kisha vikasimama.

"Papa," alisema, kama anavyoniita siku zote, "ulimwita kwa chakula?"

"Nilimwita."

Alisukuma sahani katikati ya meza, akanawa mikono, akaenda chumbani.

Kwa wasiojua, ni lazima niseme. Tulipokimbia vita tulikaa kambini, ng'ambo ya ziwa. Pale kulikuwa na rimu ya gurudumu la lori imening'inizwa kwenye nguzo, na ikigongwa ilikuwa ni siku ya mgao wa chakula, watu walikuja na ndoo na mifuko. Siku moja iligongwa na haikuwa siku ya mgao. Watu walikuja vilevile, maana sikio halijui tarehe, na walikuta malori na askari. Waliokuwa mbele walipakiwa kurudishwa walikotoka. Mama mkwe wangu alikuwa mbele, na ndoo yake. Hatukumpata tena, wala aliyemwona hatukumpata. Aliyegonga rimu tulimfahamu. Alikuwa kijana mpole wa kambi, aliyeagizwa kugonga, akagonga.

Hadithi hii niliijua kwa miaka yote ya ndoa yetu. Nililala karibu na mtu aliyeibeba. Na mvuvi aliponiomba pale gatini, haikunijia. Nimejaribu kukumbuka kama ilinijia hata kidogo nikaisukuma, ili angalau niwe mtu mbaya anayejua. Haikunijia kabisa. Nilikuwa nafikiria nyavu, na heshima yangu.

Mke wangu hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Wale samaki walikaa mezani hadi binti yetu mdogo alipokuja akauliza kwa Kiswidi kama anaweza kula. Nikamwambia ale.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na shemeji, na sikumwambia. Alimshika gädda mkubwa, na kwa kujisahau akachukua spana na kugonga. Hakuja mtu. Akamtoa samaki mzima, akamweka kwenye mbao, akakaa anatazama ghuba.

"Leo mtoza ushuru kapumzika?" alisema.

Tulimwona siku hiyohiyo, tulipokwenda kwenye matete kukata mti wa kuegemeza mshipi. Maji yalikuwa yamemrudisha. Alikuwa amevimba, ngozi inaanza kutoka, na mdomoni ndoana zangu tatu zenye nyuzi za kitenge, moja mpya, mbili zimeota kutu ndani ya nyama. Alikuwa ametembea na mapambo yetu muda wote huo. Shemeji aliinama, akaona tundu la risasi, akanitazama.

"Nani alimleta karibu hivi?"

"Mimi."

Akafikiri. Mama mkwe wangu alikuwa mama yake mzazi. Hakusema neno juu ya hilo, na sijui hadi leo kama alilifikiria au ni mimi niliyeliona usoni mwake. Alichukua kisu, akakata zile ndoana moja moja kutoka kwenye nyama, akanikabidhi kiganjani, kisha akaenda kumwita mvuvi aje amzike. Tulirudi mjini. Hakuacha kunipitia ghafla. Alianza kupata zamu za Jumamosi, moja, nyingine, kisha Volvo ikafa na hakununua gari jingine.

Majira ya baridi yalipoingia, mabomba ya joto kwenye jengo letu yakaanza kugonga, kama yanavyogonga kila mwaka maji ya moto yanapoanza kupanda. Yalikuwa yakigonga kabla ya hapo pia na sikuwahi kuyasikia. Sasa nilikuwa naacha kutafuna. Mke wangu alikuwa ananiona nimeacha kutafuna, naye anaendelea kula, au anainuka na kuwasha redio. Hatukuwahi kuliongea. Wakati mwingine nilifikiri kwamba kwa kuwasha redio ananihurumia, wakati mwingine nilifikiri anajihurumia mwenyewe.

Kwa upande wa mvuvi, kifo kile hakikumsaidia. Majira ya kuchipua walikuja sili wengine, wawili na baadaye zaidi. Nyavu zilichanika kama mwanzo. Nilikwenda kumsaidia kuzishona, siku zangu za mapumziko, nikikaa naye kwenye banda lake lenye harufu ya lami. Siku moja, akiwa amechoka, aliniuliza kama ningegonga tena. Nikamwambia hawa hawakufundishwa, hawaujui mlio. Lilikuwa jibu la kweli, na nilishukuru kwamba lilikuwepo, maana sijui kama ningekuwa na lile jingine, la kukataa.

Tukashona. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye na yule sili wa kwanza angalau walijuana.

Aliondoka mwaka uliofuata. Nilikwenda kumsaidia kufungasha. Boti ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Nyavu alizinunua mama mmoja wa jirani, wa kufunika bustani yake ya stroberi ndege wasile. Tulizibeba pamoja, mimi mbele, yeye nyuma, tukazitandaza juu ya vijiti, na mama yule akatuletea kahawa. Nilikuwa nimejipanga kuuliza swali moja kabla hajaenda, na nikaliuliza pale, vikombe mikononi. Nilimwuliza: kama tusingetupa yale matumbo, kama nisingegonga, angekaa?

Ningependa angeniambia hapana. Waswidi wengi wangeniambia hapana, kwa upole. Yeye alifikiria kweli, kama alivyofikiria upepo kabla ya kutoka, akitazama zile nyavu.

"Mwaka mmoja," alisema. "Labda miwili."

Nikamshukuru, kwa sababu alikuwa amenijibu. Akamaliza kahawa yake, akaning'iniza kikombe kwenye kijiti kimoja cha bustani, akauliza kama basi langu halijapita.

Mimi bado navua, lakini navua Hässelby, kwenye ziwa la Mälaren, ambako maji ni matamu na sili hafiki. Ninakwenda peke yangu. Matumbo naweka kwenye ndoo, nafunika, narudi nayo kwenye metro, na watu wanasogea mbali nami. Samaki akishika ndoana namvuta taratibu kuliko inavyotakiwa, nikitazama nyuma yake. Wengi wanachomoka.